Unasali Wapi, na Nani Atakuzika?

Watu wawili wakikutana Dar es Salaam, wakishaulizana kazi na nyumbani kwao, swali linalofuata huwa hili: "Unasali wapi?" Nilipohamia jijini mwaka 2001, jibu lilikuwa jina la dhehebu. Mtu alisema yeye ni Mlutheri, Mroma, Mwanglikana, Msabato au Mmoraviani, na hapo hapo ulishajua nusu ya historia yake, mara nyingi hata wilaya aliyotoka. Siku hizi jibu limebadilika. "Nasali kwa Mwamposa." "Nasali kwa Kakobe." Hayo ni majina ya wahubiri. Neno hilo "kwa" ndilo ninalotaka tulitazame. Ni lile lile tunalotumia tunaposema kwa Mangi mwenye duka, kwa fundi, kwa mama lishe. Unakwenda kwa mtu kwa sababu ana kitu unachokitaka, na siku ukikipata kizuri zaidi mbele kidogo, huna deni naye.

Sisemi hivi kwa dharau. Nina ndugu wa damu wanaosali huko, na nimeyaona mema waliyoyapata. Kuchagua kanisa kwa kufuata roho inavyopenda si dhambi. Lakini kuna gharama yake, na gharama hiyo hailipwi Jumapili. Inalipwa siku ya msiba, siku ya kuachishwa kazi, siku mtoto amelazwa, na mara nyingi anayeilipa ni mtu mwingine kabisa.

Kwanza tuondoe uongo mmoja. Tunapenda kusema kwamba wazee wetu walikuwa waaminifu kwa madhehebu yao, sisi ndio tunaotangatanga. Wazee wetu hawakuchagua. Waliochagua ni wamisionari, na walichagua kwa kugawana ardhi. Waanglikana walikuwa wa kwanza kuweka kituo Moshi, wakaondoka mwaka 1892, na mwaka uliofuata Walutheri wa Leipzig wakaanza kazi Machame. Mapadre wa Roho Mtakatifu, wa Kikatoliki, walikuwa upande wa Kilema na Kibosho. Basi mtoto aliyezaliwa Machame au Marangu akawa Mlutheri, na aliyezaliwa Kibosho au Rombo akawa Mkatoliki, na kilichoamua ni mto uliopita katikati. Rungwe waliingia Wamoraviani mwaka 1891. Masasi ikawa ya Waanglikana wa shirika la misheni la UMCA, Dodoma ya Waanglikana wa shirika jingine, CMS, Usukumani wakaja wamisionari wa Africa Inland, Shirati wakafika Wamenonaiti mwaka 1934. Uaminifu tunaousifu leo ulikuwa, kwa sehemu kubwa, nyumba yenye mlango mmoja.

Hata hivyo mgawanyo ule ulizaa kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Kwa kuwa hakuna aliyechagua, wote walikuwa ndani. Mangi, yaani chifu wa Kichaga, na mchunga ng'ombe wake walibatizwa kwenye kisima kimoja. Mlevi wa kijiji alikuwa msharika, na aliyekudai shamba alikaa benchi la mbele yako. Bibi yangu aliimba kwaya moja kwa miaka mingi na mwanamke ambaye hawakusalimiana vizuri. Walisimama sauti moja, bega kwa bega, kila Jumapili. Hakuna kati yao ambaye angemchagua mwenzake.

Mji ulivunja mpaka ule. Mchaga, Mnyakyusa na Msukuma walijikuta wapangaji wa nyumba moja Manzese, na kanisa la nyumbani kwao lilikuwa mbali, pengine daladala mbili. Kisha sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua mlango kwa redio na televisheni binafsi, mahubiri yakaingia jikoni. Mwenge, Mikocheni, Kawe na Ubungo zikapata makanisa ambayo hayakutokana na dayosisi wala misheni yoyote ya zamani. Yalitokana na mtu mmoja mwenye wito, sauti na kipaza sauti. Leo hata daladala huna haja nayo. Mtu amekaa kitandani na simu, anapitisha wahubiri kwa kidole gumba, dakika mbili huyu, dakika tano yule.

Wamarekani wamelichunguza jambo hili kwao. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti ya Pew iliwauliza watu waliowahi kutafuta mahali papya pa kuabudia ni nini kilichowaongoza. Asilimia 83 walitaja ubora wa mahubiri, 79 walitaja kupokewa vizuri na viongozi, 74 walitaja namna ibada inavyoendeshwa, na 70 walitaja umbali. Hizo ndizo sababu tunazozifikiria tukisikia mtu amechagua kanisa kama anavyochagua kitambaa cha suti. Kwetu wapo wanaochagua hivyo, na wanazidi kuwa wengi: wanataka ibada ya saa moja na nusu, muziki uliopangwa, maegesho, na darasa la watoto lenye feni. Ila kwa walio wengi, kile tunachokiita ladha ni shida. Mwaka 2011 nchi nzima, na majirani, walifunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Yeye alikuwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri. Kwenye foleni ile ya magari walikuwemo Wakatoliki, Walokole, Waislamu, wakulima na wakubwa serikalini. Hakuna aliyekwenda kwa sababu ya uzuri wa liturujia. Walikuwa na kisukari, shinikizo la damu, Ukimwi, saratani, na hospitali ilikuwa imewaambia maneno waliyoshindwa kulala nayo.

Kwa hiyo mhubiri wa dini kongwe anaposimama madhabahuni na kuwakemea "wanaotangatanga", ajiulize kwanza walitoka wakitafuta nini. Nitaanza na kwetu. Katika usharika niliosali miaka ile, matangazo peke yake yalichukua dakika arobaini. Kulikuwa na sadaka ya kawaida, ya shukrani, ya ahadi, ya jengo, kisha mnada nje wa kuku, miwa na mikungu ya ndizi. Mnada naupenda mpaka leo, maana pale ndipo niliposhuhudia mtu akinunua yai moja kwa elfu kumi na kumpa mjane aliyelileta. Lakini alikuwepo dada mmoja aliyetafuta mtoto miaka minane. Aliingia akatoka, Jumapili baada ya Jumapili, asisikie neno moja lililogusa tumbo lake. Alipomwendea mchungaji aliambiwa aombe na awe mvumilivu. Siku ya Jumatano akapanda gari kwenda kwingine, akakuta mtu kipaza sauti mkononi anaita mbele wanawake wanaotafuta watoto, anawawekea mikono, analia nao. Hakurudi. Mimi sina ujasiri wa kumwambia alikosea.

Adam Smith aliliona jambo hili mwaka 1776. Aliandika kwamba makasisi wenye mapato ya uhakika hulegea, na wale wanaoishi kwa michango ya waumini wao huwa na bidii kuwashinda. Yametutokea hayo hayo. Makanisa yetu ya zamani yalipoona mabenchi yanapungua, yakaanza ibada za maombezi katikati ya juma, sala za alfajiri kabla watu hawajaenda kazini, vikundi vya sifa vyenye gitaa na ngoma, ibada ya Kiingereza kwa vijana. Wakatoliki wanao Wakarismatiki wao, wanaosali kwa maombezi na sifa. Ushindani ulitutoa usingizini, na mwenye haki na akiri hivyo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini walikuwa wakizungumzia bidhaa ambayo mnunuzi anaweza kuishika akaijua. Nyanya iliyooza unaijua kwa kuibonyeza. Maombi yaliyooza utayajua lini? Aliyepona atashuhudia kwenye kipaza sauti. Aliyekufa hatashuhudia, na ndugu zake wataambiwa imani ilipungua. Tarehe 1 Februari 2020, uwanja wa Majengo, Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, Kenya, ilifukuliwa zaidi ya miili 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Sifananishi misiba hiyo miwili, wala siiweki kwenye mlango wa kila kanisa jipya. Nasema soko lina sharti moja: mnunuzi awe huru kuondoka. Na yapo makanisa ambayo mlango wa kuingilia ni mpana, wa kutokea umewekewa laana. Mtu anaambiwa akiondoka chini ya kifuniko, yaani ulinzi wa kiroho, cha mtumishi, biashara yake itakufa, ndoa itavunjika, mtoto atapata ajali. Huyo alichagua siku moja tu. Baada ya hapo hajachagua tena.

Na hata pale mlango wa kutokea unapokuwa wazi, kuna hasara nyingine, ambayo mchumi Albert Hirschman aliieleza mwaka 1970. Mtu asiyeridhika na taasisi yake, alisema, ana njia mbili: aondoke, au abaki aseme. Tatizo ni kwamba wanaotangulia kuondoka mara nyingi ndio wale wanaoijali kazi nzuri kuliko wenzao, ambao wangebaki wangepiga kelele. Nikikumbuka walioondoka kwetu, ndivyo ilivyokuwa. Aliondoka mhasibu aliyekuwa akiuliza fedha za jengo zimefikia wapi. Aliondoka mwalimu wa shule ya Jumapili aliyetaka watoto wapewe chumba. Yule dada wa miaka minane, ambaye leo angekuwa anawaombea wenzake kwa namna ambayo hakuna mzee wa kanisa anayeweza, naye aliondoka. Tukabaki tuliozoea. Mahesabu ya jengo yakasomwa miaka mitatu mfululizo na hakuna aliyenyoosha mkono.

Si lazima iwe hivyo, na historia yetu wenyewe inashuhudia. Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la kiroho ndani ya makanisa, ulipoanza miaka ya 1930, kutokea Gahini nchini Rwanda na kuenea Uganda mpaka Kagera, wale ndugu walikuwa na kiu ambayo ibada za wamisionari hazikuizima. Walitaka toba ya wazi, ushuhuda, nyimbo zao, mkutano ambao mwenye elimu na asiye nayo wanaitana ndugu. Walisimangwa, baadhi wakafukuzwa. Kwa wakati wetu wangekodi ukumbi na kubandika bango kesho yake. Wengi wao walibaki katika makanisa yao, wakiwa kero kwa mapadri na wachungaji, na baada ya miaka makanisa yakaanza kufanana nao. Josiah Kibira, askofu wa Kagera aliyechaguliwa mwaka 1977 hapa Dar es Salaam kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, alikuwa mtoto wa Uamsho huo. Fikiria angehama.

Jambo la karibu zaidi tuliliona Januari 2023. Mchungaji Eliona Kimaro wa usharika wa Kilutheri wa Kijitonyama alipopewa likizo ya siku 60, waumini walipaza sauti, usharikani na mitandaoni. Wapo walioona aibu kwamba Walutheri wanampigania mhubiri kama mashabiki wa mpira. Mimi nilifurahi. Haikuwa lazima nikubaliane na kila lililosemwa. Watu wale walikuwa na ladha, ndiyo, walimpenda mhubiri mmoja kuliko wengine. Lakini walichokifanya na ladha yao ni kuigeuza kuwa hoja mbele ya kanisa lao. Ungeniuliza ninatamani nini kwa waumini wa nchi hii, ningesema hicho.

Sasa nirudi kwenye gharama niliyoitaja mwanzo. Mimi mwenyewe niliwahi kuhama. Kwa miaka miwili nilisali kanisa moja kubwa la mjini, si la dhehebu langu, na nilipumzika kweli kweli. Kwaya ilikuwa nzuri, mahubiri yaliandaliwa, na hakuna aliyejua namba yangu ya bahasha ya sadaka. Hakuna aliyeniuliza ahadi yangu imefikia wapi, wala aliyenipa zamu ya kulinda vyombo vya harusi ya mtu nisiyemjua. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikaa miaka miwili bila kupewa jembe, na nakiri ilikuwa raha. Lakini walionizunguka kwenye yale mabenchi walikuwa wanafanana nami mno. Tulikuwa wa umri mmoja, tuna mishahara inayokaribiana, tumeegesha magari ya aina moja nje. Makanisa yanayochaguliwa hupanga watu hivyo bila mtu yeyote kukusudia. Wanaofanana wanajikuta wamekaa pamoja, na mwenye njaa anasali kwingine na wenye njaa wenzake.

Linganisha na jumuiya. Maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wao wa Afrika Mashariki, waliamua miaka ya 1970 kwamba kanisa la ukanda huu lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na Walutheri nasi tuna jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba. Jumuiya haichaguliwi. Unaipata kwa kupanga chumba. Jumamosi asubuhi, umande haujakauka, mnakutana sebuleni kwa mtu au uani: mwenye nyumba, mpangaji wake anayedaiwa kodi ya miezi miwili, dereva wa bodaboda, mama wa genge, mstaafu wa bandari, dada wa kazi ambaye mwajiri wake amekaa kiti cha pili. Kuimba ni hovyo. Mtu mmoja huomba kwa dakika kumi na tano. Mara nyingi kuna wawili wasiosemeshana kwa sababu ya maji taka. Kama ni suala la ladha, hakuna atakayeamka kwenda huko. Na ndipo mahali pekee katika mji huu ninapojua ambapo mwenye nyumba hulazimika kusikia mpangaji wake akimwomba Mungu kodi kwa sauti.

Miaka michache iliyopita, mtaani kwetu Kimara, alifariki mzee mmoja kutoka Mwika. Alikuwa amesali kwenye kanisa kubwa la huduma kwa zaidi ya miaka kumi. Usiku ule ule watoto wake walikuja kwa mzee wa kanisa wa jumuiya yetu. Mwili ulikuwa usafirishwe, na mchungaji wa kijijini alitaka barua ya usharika wa Dar es Salaam ndipo azike. Daftari likafunguliwa. Bahasha yake ya mwisho ilikuwa ya mwaka 2011. Wapo waliosema hatumjui mtu huyu, aliyekula naye ndiye amzike. Neno hilo nalisikia kwenye misiba mingi, na kila nikilisikia nasikia aibu, maana maiti haitozwi ada. Mzee mmoja akakumbusha kwamba watoto wale watatu walibatizwa kwetu. Barua ikaandikwa. Akina mama wa jumuiya wakahamia pale na masufuria, wakapika siku tatu. Vijana wakafunga turubai. Tulichangishana, tukapata basi dogo la kwenda Mwika.

Kanisa alilosali lilileta shada zuri na kijana mwenye suti aliyesoma salamu za pole. Silaumu. Kanisa lile lina maelfu ya watu, na marehemu hakuwa kwenye kundi lolote dogo. Hapakuwa na mtu hata mmoja wa huko aliyejua nyumba yake iko kona ipi. Ila wakati tunaosha masufuria niliyatafakari haya kwa uchungu: mahali alipopeleka fungu la kumi kwa miaka kumi si mahali palipombeba. Watu wengi mjini sasa wanaishi na makanisa mawili, moja la moyo na moja la kaburi, na hili la pili linabaki mikononi mwa wachache wanaozeeka, ambao bahasha zao hazitoshi hata kununua turubai jipya.

Nilikuwa nimeipanga hoja hiyo kichwani, nikaona imekamilika. Tulipokwenda kuanua tanga, mzee wa kanisa alimwambia mjane, kwa upole kabisa, kwamba mlango uko wazi, arudi nyumbani. Mama yule alikuwa amekaa mkekani, kanga imefunika mabega. Alitushukuru kwa kila jambo, mmoja mmoja, akataja hadi nani alileta kuni. Kisha akasema, "Mmekuja vizuri kwenye msiba, baba. Alipoachishwa kazi mwaka ule wa 2011, alikaa ndani miezi saba. Hamkuja."

Mzee wa kanisa alitazama chini. Daftari lilikuwa mapajani mwake, limefungwa. Mimi nilikuwa nimekaa mkeka ule ule, na mwaka 2011 nilikuwa katibu wa jumuiya.